Oveni ya mezani ya lita 30, nilivyoipima kwa blondi za pasheni

Oveni ninayoizungumzia hapa ni ya mezani, ya lita 30 na wati 1,500, yenye koili mbili juu na mbili chini, swichi tatu za kuzungusha upande wa kulia na mlango wa kioo unaofunguka kwa kushuka. Anayepita Kariakoo kwenye maduka ya vyombo vya umeme ameiona bila shaka, imepangwa ndani ya maboksi yake hadi karibu na dari. Jina lililobandikwa juu ya mlango naliacha kando, kwa kuwa nimekwisha kuiona oveni hiyo hiyo, hadi mahali pa kila skrubu, ikiuzwa kwa majina mengine matatu. Niliinunua kwa shilingi 140,000 miezi saba iliyopita, na tangu hapo nimeoka ndani yake mikate, kuku, viazi na biskuti za Idi. Hata hivyo, hukumu yangu nimeijenga juu ya kitu kimoja tu, nacho ni blondi zenye michirizi ya tunda, ambazo hadi leo nimezioka mara 11.

Kwa asiyezijua, blondi zina asili ya Marekani na ni ndugu wa brauni walionyimwa kakao. Zimo siagi, sukari ya kahawia, yai, unga na vanila. Huokwa katika trei ya mraba, hukatwa vipande vidogo, na ndani zinatakiwa zibaki nzito na zenye unyevu kuliko keki, huku juu zikiwa na ngozi nyembamba inayong'aa na kupasuka mara kisu kinapogusa. Ladha yake haitoki kwenye unga wala kwenye yai, bali kwenye molasi, ile shira nyeusi ya miwa iliyomo ndani ya sukari ya kahawia, ambayo ikikutana na siagi ya moto hutoa harufu inayokaribiana na ya tofi. Mtu akitumia sukari nyeupe atapata kitu kitamu, lakini blondi hatakuwa nayo.

Nimezifanya kipimo cha oveni kwa sababu hazisamehe. Mkate wa maziwa ukizidi moto upande mmoja, utageuza ule upande uangalie ukutani na mgeni hatajua. Blondi zenye tunda zinabeba ndani ya trei moja vitu viwili visivyotaka moto wa namna moja: mchanganyiko mzito wa siagi na sukari, unaohitaji moto wa wastani kwa muda mrefu, na rojo la tunda lenye maji na sukari nyingi, ambalo penye moto mkali huungua na penye moto hafifu hubaki majimaji. Trei inapotoka, mtu anaisoma kama ramani. Kila pembe inasema moto wake ulikuwaje, na hakuna maelezo ya mwenye duka yatakayoifuta.

Ramani ya mara ya kwanza ilinitia aibu. Nilifuata maandishi ya kijitabu kilichokuja na oveni, nikaweka swichi kwenye nyuzi 180, nikasubiri dakika 10 ipate moto, nikaingiza trei kwenye ngazi ya katikati na kuwasha koili za juu na chini kwa pamoja. Baada ya dakika 28 pembe ya nyuma kushoto ilikuwa nyeusi kama lami, michirizi ya pasheni imekauka na kujikunja juu yake kama ngozi ya samaki aliyesahauliwa kwenye kikaango, ilhali upande wa mbele kulia rojo lilikuwa bado linang'aa na kutikisika kila nilipoisogeza trei. Katikati palikuwa na ngozi nzuri ya kahawia iliyonidanganya kwamba pameiva. Nilipokata, uji mtamu ukanitiririkia hadi mezani.

Nilinunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni, na ninamshauri kila anayenunua chombo hiki afanye hivyo siku ile ile, kwa maana bila hicho atakuwa anaoka kwa kubahatisha. Nilikaa mbele ya kioo kwa saa nzima nikiandika namba kila baada ya dakika 2. Swichi ikiwa imesimama kwenye nyuzi 180, joto lilipanda hadi nyuzi 212, koili zikazima, likashuka hadi nyuzi 164, zikawaka tena, na mchezo huo ukaendelea bila kukoma. Thamostati ya oveni hizi ni kipande cha metali mbili zilizogandamizwa pamoja, kila moja ikitanuka kwa kiwango chake inapopata moto, hivyo kipande kinapinda na kukata umeme. Ni kifaa cha bei nafuu na hakina haraka. Kupanda na kushuka si kosa lenyewe, kwa sababu hata oveni kubwa hufanya hivyo. Kosa ni upana wa mwendo huo, na pia kwamba wastani wake unakaa juu ya namba iliyoandikwa. Ninapotaka nyuzi 175, ambazo ndizo blondi zinazihitaji, sasa ninasimamisha swichi kwenye 160 na kuchora hapo alama ya kalamu nyeupe.

Hilo la namba lilitatuliwa kwa kipimajoto, lakini la moto wa juu lilinirudisha utotoni. Mama yangu alikuwa akioka mkate wa kumimina katika sufuria juu ya jiko la mkaa, na makaa ya kupalia hakuyaweka juu ya mfuniko tangu mwanzo hata siku moja. Alisubiri mkate ushike chini na uinuke, ndipo akapalia, tena makaa machache, yaliyokwisha kupunguza ukali. Oveni hii ina kimo kidogo kiasi kwamba trei ikikaa ngazi ya katikati, koili za juu ziko umbali wa kiganja tu kutoka kwenye uso wa blondi. Kuziwasha tangu dakika ya kwanza ni sawa na kupalia makaa mekundu juu ya mkate ambao bado ni uji. Ngozi inafungika mapema, mvuke unakosa njia, na chini yake hapaivi. Kwa bahati nzuri swichi ya pili inaruhusu kuwasha koili za chini peke yake, na hiyo ndiyo sifa iliyonizuia kuirudisha oveni dukani. Anayenunua ahakikishe kwamba aina anayochukua ina chaguo hilo, kwa maana zipo za bei ya chini zaidi ambazo juu na chini huwaka pamoja tu.

Trei iliyokuja nayo ni bati jembamba lililopakwa rangi nyeusi. Rangi nyeusi hunyonya moto, ubati mwembamba haulishiki wala haulisambazi joto, kwa hiyo chini ya blondi huwa pameungua kabla ya katikati kushika. Baada ya kuokea mara mbili ilipinda kwa mlio wa kishindo ndani ya oveni, na pembe moja haikurudi tena chini. Niliirudisha dukani pamoja na risiti na kadi ya waranti ya mwaka mmoja. Kijana wa kaunta aliigeuza mara mbili, akaniambia kwa upole, "Mama, hii trei ni zawadi tu, waranti ni ya oveni." Sikubishana naye. Nilivuka barabara nikanunua trei ya alumini ya sentimita 20 kwa 20, nene, yenye kuta zilizonyooka, na kuanzia siku hiyo upande wa chini haukuniungulia tena. Oveni ikipewa alama, zawadi hiyo naihesabu kuwa haipo.

Sasa nieleze ninavyozioka, kwa kuwa tathmini ya oveni bila vipimo haimsaidii mtu. Kwa trei ya sentimita 20 ninatumia gramu 115 za siagi, gramu 200 za sukari ya kahawia, yai zima moja na kiini kimoja, kijiko kimoja cha chai cha vanila, gramu 130 za unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi na robo kijiko cha baking powder. Siagi iwe siagi ya maziwa. Majarini ya kupaka kwenye mkate inafaa kwa biskuti za haraka, lakini katika blondi haileti ile harufu ya karanga inayotokea siagi inapoyeyushwa hadi povu lake linapotulia na chembe za chini kubadilika kuwa kahawia. Ninaiyeyusha hadi hapo, ninaimimina juu ya sukari ikiwa ya moto, ninakoroga kwa mwiko, kisha ninaiacha ipoe kiasi cha kuvumilika kwa kidole ndipo ninapoweka mayai, la sivyo yataiva kwenye bakuli. Sukari ya kahawia ya paketi ikikosekana, ninakwangua sukari guru kwa kisu na kuichanganya nusu kwa nusu na sukari ya kawaida. Molasi yake ni nyingi na ladha inakuwa ya kiporini kidogo, lakini mimi naipenda.

Rojo la tunda ndilo linaloharibu blondi za watu wengi, na kosa karibu kila mara ni moja: kuchirizisha tunda likiwa bado lina maji. Ninachukua pasheni 8 hadi 10, zile ambazo ganda limeanza kujikunja, ninakamua nyama yake kwenye chujio na kuisugua kwa kijiko hadi zibaki mbegu kavu, kisha ninarudisha kijiko kimoja cha mbegu kwa ajili ya macho. Kama mbegu zote zingebaki, zikishaokwa zingekuwa ngumu na kumfanya mlaji adhani ametafuna mchanga. Maji hayo ya pasheni ninayachemsha na vijiko vitatu vya sukari katika sufuria pana, kwa moto mdogo, hadi ujazo upungue zaidi ya nusu. Kipimo changu ni kuburuta mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi kwa muda wa kuhesabu hadi tatu kabla rojo halijarudi kuifunika, limeshaiva. Likipoa linakuwa zito kama asali ya mwisho wa chupa. Linapokuwa na uzito unaokaribiana na wa mchanganyiko wa blondi, halizami wala halitiririki, bali linakaa pale ulipoliweka.

Ninapaka trei siagi na kuitandika karatasi ya kuokea inayoning'inia pande mbili ili niweze kunyanyua blondi nzima baadaye. Mchanganyiko ukishasambazwa, ninadondosha rojo kwa kijiko cha chai katika mistari mitatu, nikiacha upana wa vidole viwili kutoka ukingoni, kwa sababu sukari ya tunda ikigusa ukuta wa trei huungua kabla ya kitu kingine chochote. Kisha ninapitisha ncha ya kisu mara nne kwenda na mara nne kukatiza, basi. Mtu hutamani kuendelea, kwa kuwa kila mpito unaleta umbo jipya la kupendeza, lakini baada ya mara kumi hivi michirizi huanza kupotea ndani ya unga, rangi ya dhahabu na ya manjano zinachanganyika, na kinachotoka ni keki yenye ladha ya pasheni isiyo na mchirizi wowote.

Utaratibu wa kuoka unaofaa katika oveni hii, baada ya majaribio yote hayo, ni wa dakika 32. Ninaiwasha koili za juu na chini kwa dakika 15 ikiwa tupu. Ninaingiza trei ngazi ya chini kabisa, ninazima koili za juu, na kuoka kwa dakika 15. Hapo ninaigeuza trei nusu mzunguko, kwa sababu ile pembe ya nyuma kushoto bado ni kali kuliko nyingine zote, ninaoka kwa dakika 12 zaidi, kisha ninawasha koili za juu kwa dakika 5 za mwisho ili ngozi ishike na kung'aa. Kupima kwa kijiti kunahitaji uangalifu: kijiti kikichomwa kwenye mchirizi kitatoka kimelowa hata blondi zikiwa zimeshakauka, hivyo kichomwe penye unga peke yake, nacho kitoke na chembe mbili tatu zilizogandana, siyo kikavu. Zikitoka huwa bado laini mno na zinatia wasiwasi. Ninaziacha ndani ya trei zipoe kabisa, saa mbili kamili, kabla ya kugusa kisu. Nyumbani kwangu sheria hii imevunjwa mara nyingi kuliko ilivyofuatwa.

Saa ya oveni haistahili maneno mengi. Ni ya kuzungusha, na muda mfupi hauhesabu sawasawa isipokuwa uizungushe kwanza hadi mbele kisha uirudishe nyuma; pia kwangu huwahi kulia kwa dakika 3 au 4 katika kila nusu saa, na ikilia inakata umeme wa koili. Ninaiweka kwenye dakika 60 na kutumia simu.

La umeme ni zito zaidi. Wati 1,500 kwenye volti 230 ni karibu ampea 6.5, ambazo soketi ya ukutani ya ampea 13 inazibeba bila taabu, lakini ekstensheni nyembamba yenye matundu matano, iliyokwisha kuchomekwa friji na televisheni, haizibebi. Yangu ya zamani iliyeyuka plagi yake katika wiki ya kwanza, na hilo silihesabu kuwa kosa la oveni. Kuhusu matumizi, niliangalia mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, kabla na baada ya kuoka, nikiwa nimezima vingine vyote: kuipasha moto na kuoka trei moja kulitumia uniti 0.9. Mtu akioka trei mbili kwa mfululizo, ya pili humgharimu kidogo kuliko ya kwanza kwa kuwa oveni imeshapata moto. Jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi ni kwamba jioni, volti zinapopungua mtaani, nguvu ya koili hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe; zikishuka kutoka 230 hadi 200, oveni hupoteza karibu robo ya nguvu yake. Blondi nilizooka saa mbili usiku zilichukua dakika 9 zaidi ya zile za asubuhi, kwa vipimo vile vile. Kwa sababu hiyo ninaoka asubuhi, au Jumapili mchana watu wakiwa wametawanyika.

Kuhusu matunda, pasheni inabaki ya kwanza kwangu kwa kuwa uchachu wake unaikata ile tamu ya sukari ya kahawia. Embe dodo ina rangi nzuri ajabu, lakini haina uchachu wa kutosha, na blondi inakuwa tamu juu ya utamu hadi kipande cha pili hakiliki. Nilipoongeza maji ya ndimu mbili kwenye rojo ilifaa, tena ni vyema kuchagua embe isiyo na nyuzi au kuichuja. Ukwaju nilioupika na sukari ulitoa mchirizi mweusi usiopendeza kwa macho na ladha iliyowagawa watu wangu nusu kwa nusu. Zambarau ndizo zilizonishangaza. Rangi yake ya zambarau iliyokolea ilisimama juu ya dhahabu ya unga kama wino, na ule ukakasi unaokausha ulimi ulipungua kwenye moto ukabaki kidogo tu, wa kuamsha mdomo. Stroberi za Lushoto nilizipata mara moja, zilitoa maji mengi mno, na nilizichemsha hadi nikachoka.

Kwa hiyo, oveni hii ninaipa alama 3 na nusu kati ya 5. Inamfaa mwenye subira ya kuijua, anayeokea familia au kuuza trei mbili tatu kwa siku kwa majirani. Asiinunue anayetaka kuchukua oda za keki za harusi, wala anayeamini namba zilizochapishwa kwenye swichi. Bei yake halisi ihesabiwe pamoja na kipimajoto na trei ya alumini, ambavyo kwangu viliongeza shilingi 27,000. Baada ya miezi saba kioo hakijapata ufa, koili zote nne zinawaka, mpini wa mlango umelegea na kukazwa mara mbili kwa bisibisi ya kawaida.

Ile pembe ya nyuma kushoto sijaimaliza. Nilipompelekea mama sahani ya kwanza iliyoiva sawasawa pande zote, alikula kipande kimoja, akapekua vingine kwa kidole, akaniuliza, "Ukoko wake uko wapi?" Siku hizi, ninapookea nyumba ambamo yeye yumo, trei ninaigeuza dakika ya 20 badala ya 15, ili ile pembe ipate kukolea kidogo, na kipande hicho ninakikata kwanza na kumwekea pembeni.